Mluzi wa Ukunguni

Tangu akimbie milima ya Kivu Kusini, mzee Semahoro hakukubali mdogo wake Gasore awekewe matanga. Siku vita vilipowafikia, ukungu uliwatenganisha msituni. Semahoro akasikia mluzi, na kwa wachungaji wa kwao mluzi sharti ujibiwe. Akajibu, akaufuata, ukalia tena mbele, mpaka akatokea mtoni salama na mtoto mgongoni. Gasore hakuonekana. "Alikuwa muzima, nilimusikia," ndiyo kauli yake, na nani angembishia? Mukamazimpaka, mke wa Gasore, akabaki hapa kambini Nakivale si mjane, si mke wa mtu.

Mtoto yule wa mgongoni ni Doriane, siku hizi anasomea wanyama chuoni Mbarara. Jumamosi moja alikuja na simu yenye sauti ya chura wa msitu wao, kiumbe ambacho hata wataalamu hawakijui sana. Alitaka kumfurahisha baba yake tu, maskini. Alipobonyeza, mzee aliacha kupukuchua maharage, akasimama wima, akatia vidole mdomoni na kujibu kwa mluzi uliowatawanya kuku.

"Gasore eko wapi?" akauliza.

Doriane alielewa papo hapo, na roho ikamuuma. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini akinyamaza, mama yake mdogo Mukamazimpaka atangoja mpaka aingie kaburini.

"Papa, ile haiko mutu. Ni chula. Banaitana hivi wakati ya ukungu, pembeni ya mayi."

Mzee alikaa, akaomba picha. Alikuwa chura wa kijani, hazidi ukucha wa kidole gumba, koo limemvimba kushinda kichwa. Semahoro alimtazama, akamtazama. Doriane alingoja hasira, lakini usoni pa baba yake aliona mshangao mtupu, wa mtu aliyeonyeshwa leo aliyemwokoa.

"Kadogo hivi," akasema, "na kalitutoa mu pori, miye na wewe. Kaliniita fasi ya mayi, kule mutoni. Kako na sauti kuliko pasta wetu."

Akacheka peke yake. Kisha machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Beba hiyo simu," akasema. "Twende kwa mama yako mudogo. Asikie na yeye, halafu tumulilie bwana yake."