Bastola Iliyomuua Chui wa Mchawi

Nilirudi kutoka hospitali nikiwa nimepungukiwa na kidole kimoja cha mguu na bastola zangu zote. Kidole nilikuwa na habari nacho. Daktari alinieleza vizuri: sukari imekila, damu haifiki, tukikiacha kitaondoka na mguu. Nikatia sahihi yangu. Lakini bastola hakuna kiumbe aliyeniuliza.

Nimeingia chumbani kwangu, hapa hapa Ibra, Omani, katika nyumba niliyoijenga kwa kutengeneza majenereta ya serikali mpaka masikio yakaziba, nikakuta ukuta mtupu. Misumari tu, imejitokeza kama meno ya kizee.

"Saud!"

Mwanangu akaja na simu mkononi. Kasoma biashara, anafanya kazi benki, na akisema nami huinamisha kichwa kama daktari wa watoto.

"Baba, pumzika kwanza. Presha yako..."

"Presha yangu iko pale pale ulipoiacha. Bastola ziko wapi?"

"Mama kasema ziondoke. Yaani, kwa afya yako."

"Ziko wapi, Saud?"

"Nizwa. Kwa dalali. Khalas, baba, zishakwenda."

Kwa afya yangu! Sikilizeni. Nilipostaafu, daktari huyo huyo wa kidole aliniambia, tembea kila siku, Khalaf, ukikaa utakufa. Hakuniambia nitembee kwenda wapi. Wastaafu wenzangu wanakwenda barazani, wanakunywa kahawa na kuulizana nani kazikwa. Mimi nikaiona bastola kuukuu juu ya mkeka wa bedui mmoja sokoni Sinaw, zile za silinda inayozunguka, imeshika kutu kama msumari wa jahazi. Bedui alikuwa akivunja kokwa kwa kitako cha bastola hiyo. Nikaichukua nyumbani, nikaifungua, nikaisugua, na jioni ile nilisahau kuwa naumwa.

Tangu hapo nimetembea mimi! Alkhamisi Sinaw, Ijumaa Nizwa. Nimepanda mpaka vijiji vya Dima wa Tayyin, kwenye njia ambayo mbuzi mwenyewe akiitazama anamwita mama yake, kwa ajili ya bastola isiyo na mpini. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa sukari. Skrubu ndogo huzijua kwa kuzigusisha mdomoni. Na zote mbovu, hakuna hata moja inayoweza kumpiga nzi. Polisi walizitazama wakanicheka. Hizo ndizo zilizonitoa mimi kwenye kochi. Sasa wamezichukua, wamenirudisha kwenye kochi.

Ghaniya akaingia na kikombe cha maziwa yasiyo na sukari. Mke wangu huyu kwao Pemba, Wete, na miaka yote hii ya Omani haijamtoa Pemba hata kidogo.

"Usimgombeze mtoto. Nimemtuma mimi."

"Kwa sababu gani, bibi?"

"Kwa sababu ya chui."

Chui huyo namjua. Siku ya Idi dada yake Shukriya alikuja kutoka Maskati, akaitazama ile bastola nyeusi, ndefu, ya yule bedui, akauliza imetoka wapi. Ningemwambia ilikuwa ikivunja kokwa? Mgeni, siku ya Idi! Nikamwambia bastola hii ilikuwa ya mzungu mmoja wa karafuu, Pemba, na ndiyo iliyomuua chui wa kufugwa wa mchawi mmoja mkubwa. Risasi ilimpata chui hapa, ubavuni, na usiku ule ule mchawi akakutwa kitandani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, ana tundu ubavuni. Shukriya aliisahau halua mkononi. Nilipendezewa, nikaongeza kuwa jamaa wa mchawi wanaitafuta bastola mpaka leo.

"Wameipata," alisema Ghaniya. "Wameanza na kidole."

"Sukari hiyo, Ghaniya!"

"Sukari unayo miaka. Kidole kimeoza baada ya Idi."

"Basi hiyo moja. Na nyingine je? Zile zimeua nini?"

"Zimelala nayo chumba kimoja."

Niliyamwaga maziwa dirishani.

Ijumaa, gizagiza la alfajiri, nikamwita Marzouq, jirani yangu, aje na gari. Marzouq alizaliwa Bujumbura, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama mchele wenye mawe, lakini gari lake zima na yeye hamwogopi mke wangu. Njia nzima mpaka Nizwa alikuwa akicheka.

"Mzee Khalaf, si ungesema tu bastola ni ya bedui?"

"Endesha gari."

"Chui! Mimi kwetu tunasema simba."

"Nimesema endesha, we mtu wa Bujumbura, kabla sijakushusha katika gari lako mwenyewe."

Nizwa, chini ya ngome, watu wa bunduki walikuwa wamekwisha jaa. Pale hukai ukangoja mnunuzi. Dalali anaishika mali juu, anazunguka nayo katikati ya watu, anaisifu kwa sauti, na wenye kuitaka wanapandishiana bei. Nikapenya na mkongojo wangu. Ninauliza bastola za Saud wa Ibra, naambiwa zimeuzwa, watalii wamezibeba zote, imebaki moja tu, ile kubwa.

Nikaisikia kabla sijaiona.

"Enyi wanaume!" Dalali, kifua kama pipa, alikuwa ameinyanyua bastola yangu nyeusi juu ya vilemba. "Hii si chuma tu! Hii imetoka Jaziratu-l-Khadhra, Pemba! Imemuua chui wa mchawi! Chui kaanguka msituni, mchawi kafa kitandani!"

Neno kwa neno. Hata mlango uliofungwa kwa ndani hakuusahau. Saud mwanangu, msomi wa benki, asiyeamini hata utabiri wa mvua, kauza bastola yangu pamoja na hadithi yangu! Damu ilinipanda mpaka nikaona nyota. Na watu wanapandishiana. Mzee mmoja wa Manah, mwenye ndevu nyekundu za hina, macho yamemtoka. Kijana mmoja wa Samail naye hataki kuachwa nyuma. Dalali kila anapomtaja chui, bei inaruka.

Nikapiga kelele. "Uwongo! Bastola hiyo haijaua hata panya! Ilikuwa ikivunja kokwa Sinaw!"

Soko zima likacheka.

"Huyu anaitaka rahisi," alisema wa Manah.

"Mzee wangu," dalali akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "kaa kivulini, upate maji."

"Mimi ndiye mwenyewe! Chui huyo nimemtunga mimi!"

"Naam, baba, na mimi nimeijenga hii ngome. Mpeni kiti."

Wakaniletea kiti, wallahi. Kiti! Nimetoka Ibra na donda mguuni kukimbia kiti, nimekuja kupewa kiti Nizwa. Marzouq kajifunika uso kwa kilemba, mabega yanamtikisika. Nikaona ukweli hauna mnunuzi hapa. Basi nikakaa katika kiti chao, nikavua ndara, nikafungua bendeji mbele ya hadhara ile, nikaunyoosha mguu.

"Tazameni," nikasema, safari hii polepole. "Nimesema uwongo kwa sababu ya aibu. Chui ni kweli. Mimi nimelala na bastola hiyo chumba kimoja, na mnaona. Jamaa wa mchawi wanaanza na kidole kidogo. Aliyekuwa nayo kabla yangu alianza na kidole kidogo, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anabebwa kwenye kapu, anasalimia watu kwa nyusi."

Mzee wa Manah alirudi nyuma akamkanyaga wa Samail. Watu walikuwa wakiutazama mguu, kisha bastola, kisha mkono wa dalali ulioishika. Dalali naye akautazama mkono wake. Kifua kile chote kikanywea.

"Ichukue," alisema. Akaitua mapajani mwangu kwa ncha za vidole, kama anayetoa kaa la moto jikoni. "Sitaki kitu. Ichukue tu, Mungu akuponye."

Tukarudi Ibra adhuhuri, nimeipakata. Ningefurahi, lakini kila nikizifikiria nyingine zilivyo kwenye mabegi ya watalii, nilimtukana Saud upya, na Marzouq akawa anaitikia amina.

Tulipofika, geti limefungwa. Ghaniya kasimama nyuma yake, buibui begani, simu mkononi. Habari za Nizwa zilikuwa zimetutangulia.

"Hiyo haiingii," alisema.

"Fungua, bibi. Sijala tangu asubuhi."

"Umesema mwenyewe, mbele ya watu, kidole chako kimeliwa na bastola."

"Nimesema uwongo!"

"Upi? Wa chui au wa kidole?"

"Yote mawili!"

"Na huu wa sasa je?"

Jasho la baridi lilikuwa likinitoka. Sukari imeshuka, na harufu ya mchuzi wa papa inakuja mpaka nje. Saud akatokea nyuma ya mama yake.

"Baba, iache kwa Marzouq, uje ule."

"Kwa Marzouq wapi?" Marzouq akaruka. "Mimi nina watoto! Nina vidole vyote!"

"Unaona?" nikamwambia Saud. "Mmeniuzia ukuta mzima nikiwa nimelazwa, kama maiti anayerithiwa vitu. Wala sikuwa nimekufa! Ile ndiyo miguu yangu mliyoiuza. Chakula chenu kuleni. Mimi na hii tutakaa hapa hapa juani, na wapitao waulize kwa nini."

Nikaketi chini, mgongo getini, nikatoa kitambaa mfukoni, nikaanza kuisugua. Ghaniya alikwenda, akarudi, akapitisha tende na kikombe cha laban, yale maziwa ya mgando, chini ya geti, mkono wake ukikaa mbali na bastola.

"Kula kwanza," alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Nyumbani haiingii, Khalaf. Lakini lile zizi la mbuzi, kule kwenye mfereji wa falaji, si nyumba."

"Kule mbali!"

"Kule mbali."

Basi ndivyo ilivyo. Mbuzi wamehamishwa, nao wamenikasirikia. Kila asubuhi natoka na mkongojo, napita mitende yote mpaka ukingo wa falaji, nafungua zizi, nasugua, narudi. Saud aliipima sukari yangu juzi akatabasamu, akasema ati mama ana akili kuliko daktari. Sikutabasamu mimi. Nimemwambia Ijumaa atanipeleka Nizwa yeye mwenyewe, na gari lake la benki, na atanibebea kila nitakachonunua mpaka ukuta wa zizi ujae kama ulivyokuwa wa chumbani.

Alisema sawa. Kisha akauliza kama atahitaji kuvaa glavu.