Msafiri wa Tatu kutoka Juu

Kila Ijumaa asubuhi katibu wa kanisa aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya ofisini, akaandaa karatasi ya maombi ya Jumapili. Mpangilio haukubadilika tangu enzi za wamishonari: kwanza viongozi wa serikali, kisha wagonjwa, kisha wasafiri, mwisho marehemu. Aliwafuta waliopona, akawaongeza waliougua. Viongozi hakuwagusa. Hao hawaugui wala hawaponi.

Kitindamimba wake alikuwa kwa wasafiri, wa tatu kutoka juu, kwa miezi saba sasa. Hakuwa amesafiri popote. Siku mkuu wa wilaya alipoleta mabati ya kanisa, akapewa kipaza sauti na kuanza kukiombea chama chake kura, kijana alinyanyuka katikati ya ibada akauliza tangu lini madhabahu imekuwa jukwaa la kampeni. Kesho yake akachukuliwa. Mchungaji, ambaye si mtu mbaya, ana moyo wa kuku tu, alisema kutaja wafungwa kungemkera mgeni wa kiti cha mbele. Basi katibu, mama mtu, akamwandika mwanawe msafiri. Waumini, wenye kujua na wasiojua, wakawa wanamwuliza atarudi lini na atawaletea nini.

Alhamisi moja mama alipigiwa simu kutoka gerezani. Kijana amefariki kwa homa, na ameshazikwa hukohuko. Alisema asante, akaenda kuanua nguo. Alisubiri kilio kije. Hakikuja.

Ijumaa akalitoa jina la mwanawe kwa wasafiri, akaliweka kwa marehemu. Alitaka kitu kimoja tu: lisomwe Jumapili, watu wasimame kimya dakika moja, kama wanavyowasimamia marehemu wote. Kaburi hakuonyeshwa. Dakika hiyo ndiyo iliyobaki.

Mchungaji alisoma karatasi akiwa amesimama, akavua miwani. Alimpa pole, na machozi yalimlengalenga kwelikweli. Kisha akavuta kiti.

"Mama, mtu hatoki safarini akaingia moja kwa moja kwa marehemu. Watauliza amefia wapi."

"Amefia gerezani, Baba Mchungaji."

"Najua. Ndiyo maana nasema tumweke kwa wagonjwa kwanza. Jumapili mbili tu. Halafu tutamtoa vizuri."

Hasira aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Hakuwa na nguvu ya kuifuata. Akalihamisha jina.

Jumapili mkuu wa wilaya aliketi mahali pake. Mchungaji akasoma viongozi, akasoma wagonjwa, sauti ikamkwama kidogo kwenye jina moja, akaendelea. Walipofika kwa marehemu, kanisa zima lilisimama kwa ajili ya bibi mmoja wa kwaya. Mama naye alisimama, akajaribu kumwingiza mwanawe kwenye dakika ile, lakini ilikuwa ya yule bibi mwenyewe.

Baada ya ibada walimzunguka mlangoni, wakamshika mikono. Jirani yake alimwambia asiwe na wasiwasi, Mungu yupo, kijana atapona.

"Amina," akasema.