Pweza wa Nguzo ya Saba

Mimi najaza hewa mitungi ya wazamiaji, mwaka wa kumi na tisa huu, na kuna kitu kimoja sikiwezi: mtu kuniambia hewa yangu ina walakini. Kwa hiyo wifi yangu, mke wa kaka, alipoingia karakanani Jumatano mchana, nywele zinachuruzika maji, akaeleza alichokiona chini ya gati, wengine walicheka. Mimi nilikunja uso.

Wifi hukagua nguzo za gati, anatafuta kutu na nyufa. Ati kwenye nguzo ya saba amemwona pweza mdogo, hazidi ngumi, amebeba vifuu viwili vya nazi kwapani na anatembea. Haogelei, anatembea, kwa ncha za mikono miwili, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Alipomsogelea, pweza akakaa ndani ya kifuu kimoja, akajifunika cha pili, basi. Nikamwuliza pweza ana kwapa gani. Akasema niende nikamwulize mwenyewe.

Mwenzake wa kuzamia, tunayemwita Baba Mapacha, alikuwa upande wa pili wa nguzo na hakuona kitu. Akasema wifi anatia chumvi. Wazo langu lilikuwa baya zaidi. Kwenye moshi wa injini kuna gesi ya sumu isiyo na harufu wala ladha. Ikiingia mtungini, kule chini inamwumiza mtu kichwa, inamchanganya, mwisho inamzimisha kimya kimya. Baba Mapacha alivuta mtungi wa wiki iliyopita. Wifi alivuta nilioujaza Jumatatu. Na mitungi mingine minane ya Jumatatu ilikuwa imepangwa ukutani, inawangoja wanafunzi wa kuzamia, Ijumaa saa nne asubuhi.

Nikamkazia macho, nikamwuliza kama kichwa kinamwuma. Akasema hakimwumi. Kichefuchefu? Hana. Nikauliza tena, akaniambia nisimfanye mtoto mdogo.

Ningepima, najua. Lakini kipimo changu cha gesi hiyo kilikuwa kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili tangu mwezi uliopita, kinarekebishwa, nami sikukifuata kwa sababu nina mazoea yangu. Nafungua vali kidogo juu ya kitambaa cheupe, naangalia kama kuna mafuta, kisha nanusa. Nikafanya hivyo kwa mitungi yote minane. Kitambaa kikabaki cheupe na pua haikusema kitu, lakini moyo haukutulia.

Alhamisi nikakata shauri nikamwone pweza mwenyewe. Kama yupo, wifi hakuchanganyikiwa, na kama hakuchanganyikiwa, hewa yangu ni safi. Niliona nimepiga hesabu ya maana kweli. Mimi na wifi tukachukua mitungi miwili ya wiki iliyopita, tukakaguana kama inavyotakiwa: vali iko wazi, geji inaonyesha mtungi umejaa, mdomo wa akiba unatoa hewa, mkanda wa vipande vya risasi vya kutuzamisha unafunguka kwa mkono mmoja. Wifi akauvuta ule mkanda, akasema kiuno changu kimeongezeka. Nikamwacha tu.

Nguzo ya saba imejaa sponji za rangi ya chungwa. Palikuwa na samaki wembamba mfano wa majani makavu, wamesimama wima vichwa chini, wote pamoja, sijui wanangoja nini. Tulielea bila kugusa mchanga. Dakika ya tisa, vifuu viwili vilivyolala pale kama taka vikaachana kidogo, likatokea jicho. Halafu mkono mmoja. Halafu bwana mkubwa akatoka mzima, akapanga kifuu ndani ya kifuu, akavikalia, akanyanyuka navyo na kuondoka zake kwa miguu. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Tulipanda polepole na kusimama dakika tatu kwenye mita tano, kama sheria inavyotaka. Sikumbuki dakika nyingine nilizofurahi vile. Nilishaona mitungi yangu minane migongoni mwa wanafunzi.

Gatini nikamkumbatia wifi, nikamwomba radhi, nikamwambia hewa ni safi, kesho mitungi itoke. Hakucheka. Aliketi akivua mapezi ya miguuni.

"Umemwona kwa macho yako?" akauliza.

"Nimemwona."

"Basi sasa naweza kusema. Jana kichwa kilikuwa kinapasuka, wifi. Nilitapika nyuma ya gari."

Nikamwuliza kwa nini alinificha. Akasema kama angesema kichwa kinamwuma, hakuna ambaye angemwamini habari za pweza, na mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia alikuwa anaota. Nilitaka kumkaripia kwa kuzama tena leo na kichwa kile. Lakini jana niliuliza nikitaka jibu la hapana, na nilipolipata nililishika kwa mikono miwili.

Nikampeleka zahanati kwanza, nikamwacha na nesi, nikaenda kukichukua kipimo changu. Mwisho unaoruhusiwa wa gesi ile ni kumi. Mtungi wa kwanza ulisoma thelathini na moja. Wa pili, ishirini na tisa. Nikazunguka nyuma ya karakana kuangalia bomba ambalo mashine ya kujazia huvutia hewa. Mahali pake ni juu ya paa. Lilikuwa dirishani, nilipolishusha mwenyewe Jumatatu nikiziba bati linalovuja, nikasahau kulirudisha. Chini ya dirisha hilo lori la kiwanda cha barafu husimama kila asubuhi likinguruma. Jumatatu hiyo dereva wake na mimi tulisalimiana kupitia dirisha hilohilo.

Nilifungua vali zote nane. Hewa ilitoka kwa kelele kwa muda mrefu, nami nikasimama katikati yake nikiwahesabu wanafunzi, mmoja kwa kila mtungi.

Bomba limerudi juu ya paa na kipimo hakitoki mezani. Siku hizi mtu akipanda kutoka majini, namwuliza habari za kichwa kwanza. Na kabla hajajibu namwambia kwamba chochote alichokiona kule chini, nitamwamini.