Saa Arobaini za Chapchap

Mwendeshaji mkuu wa mtambo wa maji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na wafanyakazi walimwita Mama Kipimo, mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtungia jina lingine. Leseni yake ya daraja la tatu ilitundikwa ukutani kwenye chumba cha mitambo, ndani ya fremu yenye vumbi la chokaa. Sheria ilikuwa fupi: mtambo ule hauruhusiwi kupeleka hata ndoo moja mjini bila mtu mwenye karatasi kama ile kuwapo, au kuwa umbali usiozidi saa moja. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alihamia kiwanda cha soda, kwenye mshahara mnono na Jumapili za kulala, na tangu hapo Mama Kipimo hakuwahi kutoka nje ya saa yake moja. Miezi kumi na tisa. Kuna wafungwa wanaotoka mapema kuliko hapo, alipenda kusema. Waliomsikia walicheka, yeye hakucheka.

Jumatano ile alikuja kazini na begi. Binti yake, aliyeishi mji wa mbali, safari ya saa tisa kwa basi, alikuwa afanyiwe upasuaji Ijumaa asubuhi ili mtoto atolewe. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka juzi, mwenzake angali mtamboni, ikiwa na miezi saba, na siku hiyo Mama Kipimo alikuwa amepiga magoti kwenye tope akihangaika na vali. Alifika siku tatu baadaye. Binti hakumlaumu. Alimtengenezea chai, akamwambia pole na kazi, na pole ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkwe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, yuko nchi za watu hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wa kwenda alikuwa mmoja, na basi lilikuwa la saa saba mchana.

Meneja alikuwa ameahidi mtu wa kumshikia zamu, kutoka mji jirani. Saa mbili na nusu aliingia peke yake, faili kwapani, akaanza kuongea kabla hajafunga mlango. Jirani wamekataa. Nao wana mwenye leseni mmoja tu, na wamembana kama yeye alivyobanwa hapa. Kisha akafungua faili na kuweka fomu mezani, akaizungusha taratibu imwelekee.

Ni fomu ya nani, alijua kabla hajavaa miwani. Ilikuwa ya mwendeshaji msaidizi, baba wa watoto watatu, mwenye mikono myepesi; waliomwita Chapchap hawakukosea, maana hakuna kazi iliyowahi kumchukua muda. Mtihani wa leseni alikuwa ameupasi, tena vizuri. Alichopungukiwa ni saa arobaini za kazi chini ya usimamizi, kila saa na saini ya mwenye leseni. Saa hizo aliwahi kuwa nazo. Miezi miwili nyuma Mama Kipimo aliingia zamu saa moja asubuhi akakuta karatasi ya vipimo vya klorini imejazwa hadi saa nne. Kila saa sufuri nukta tano, mwandiko umenyooka kama uzio mpya. Akamwuliza maji ya saa nne, ambayo bado yako mtoni, ameyapimia wapi. Chapchap akajitetea kwamba mbona kila siku huwa ni sufuri nukta tano. Mama Kipimo alichukua kalamu nyekundu akafuta wiki nzima, saa arobaini, na sababu akaiandika pembeni; tangu siku hiyo hakuwa amemsainia hata saa moja. Leo hii, kama asingefuta, Chapchap angekuwa na leseni, na yeye angekuwa stendi.

"Weka saini, dada," meneja alisema. "Nimeongea na bodi ya leseni. Fomu ikifika kabla ya saa sita, leseni ya muda inatoka kesho asubuhi. Leo tu ndiyo tutafumba macho."

"Na saa nilizofuta?"

"Hii ni fomu mpya. Haina wekundu."

Alikuwa amefikiria kila kitu, mpaka kalamu alikuja nayo. Mama Kipimo akamwambia atoke, asimsimamie kichwani kama anayesubiri chenji.

Alipobaki peke yake alipiga hesabu. Sheria iliruhusu saa kumi na mbili kwa siku. Wakianza leo, Chapchap angetimiza arobaini Jumamosi mchana. Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Akageuzia kwingine. Mamlaka ya kufunga mtambo alikuwa nayo, kwa mkono wake, bila kumwuliza mtu. Tangi la mlimani lingekauka saa kumi jioni, na hospitali ya pale mjini ingekauka nalo, na wodi yake ya wazazi nayo ilikuwa na mabinti wa watu. Akageuka tena, akajikuta pale pale, mbele ya fomu. Akaichukua kalamu ya meneja. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Mlango ukafunguliwa. Chapchap aliingia na mabuti yanayochuruzika, akaona fomu, akaona kalamu.

"Mama, mimi sikumtuma," alisema.

Ilikuwa saa tatu kamili, saa ya kupima, akaenda kwenye sinki. Alikinga maji kwenye kichupa, akaponda kidonge ndani yake, akatikisa, akakiinua dirishani. Maji yenye klorini ya kutosha hugeuka waridi. Haya yalibaki kama maji ya kusuuzia kikombe. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, mto ulikuja na tope, na tope lilikuwa limekula dawa. Chapchap akamwaga, akasuuza kichupa mara tatu, akapima upya. Mama Kipimo hakuwahi kumwona akifanya kitu polepole hivyo. Sufuri nukta moja. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa sufuri nukta mbili.

Wote wawili walijua kinachofuata. Kipimo kikishuka chini ya hapo, mwenye leseni huongeza dozi, hutoa taarifa kwa wadhibiti wa maji siku hiyo hiyo, na haondoki mtamboni hadi sampuli za siku mbili zirudi safi kutoka maabara. Fomu ya meneja isingesaidia tena, hata ikiwa na saini.

Chapchap aliliangalia begi.

"Mama, nikiongeza dozi sasa hivi, nusu saa tu itakuwa imepanda," alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kuandika cha baadaye."

Angeweza kumkaripia. Angeweza pia kuitikia kwa kichwa tu, kidogo, na hakuna ambaye angejua. Yule mwanamke wa maneno makavu aliitazama kalamu ya meneja, halafu saa ya ukutani. Chapchap alisubiri. Kisha akainama juu ya karatasi, akaandika saa tatu, akaandika sufuri nukta moja. Tarakimu zilikuwa mbaya, zimepinda.

"Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Nenda kaongeze dozi. Kila robo saa unapima."

Alipotoka, Mama Kipimo aliikunja fomu ya meneja mara nne, akaitia kwenye pipa. Akatoa kitabu cha usimamizi kwenye droo ya chini, akaandika tarehe, saa ya kwanza ya Chapchap, na saini nzima. Kisha akawapigia wadhibiti, akawasomea namba, akajibu maswali yao moja baada ya jingine, na akapewa namba ya taarifa ambayo aliiandika mara mbili.

Simu ya pili iliita mara moja tu ikapokewa.

"Umeshatoka kazini, mama?" binti aliuliza.

"Niko kazini, mwanangu. Sitawahi Ijumaa. Nitakuja Jumapili."

Hakuongeza maelezo. Maelezo angekuwa anajipa mwenyewe. Upande wa pili feni ilizunguka, mtu akaburuta kiti, jirani labda, na binti alipumua kama anayebeba kitu kizito ngazi moja moja.

"Nani atakaa na mimi?" aliuliza mwishowe.

"Sijui," Mama Kipimo alisema. "Tafuta kalamu. Tuandike majina, tuanze kuwapigia."