Nyekundu ya Wamiminaji

Bi Kijakazi alikuwa akisikiliza sufuria. Hakuwa na kipimajoto, wala hakukitaka. Aliinamisha kichwa, mtandio ukamning'inia begani, akatulia kama mtu anayepewa siri. Maji yalipoanza kunong'ona alivuta makaa mawili nje ya jiko. Yaliponyamaza, alirudisha moja.

"Unasikia?" alimuuliza Salvina.

Salvina alitikisa kichwa. Aliona aibu kusema kwamba alichosikia yeye ni pikipiki za barabarani tu.

"Utasikia. Uzi huu una kiu ya rangi kuliko mlevi aliyefungiwa kilabu. Ukiuchochea ghafla, utanywa upande mmoja ulewe, upande wa pili ubaki mkavu. Tunapanda na moto polepole, kama mtu mwenye ndoo kichwani."

Walikuwa uani kwa Nassibu, pale Nyahanga, nyuma ya karakana yake ya kufuma sweta za shule. Safari hii kazi haikuwa sweta. Marcel, msimamizi wa tanuri katika kiwanda kidogo cha kuyeyusha dhahabu, njia ya kwenda Geita, alikuwa ameagiza mizula, zile kofia zinazofunika kichwa na shingo na kuacha macho peke yake. Wanaomimina dhahabu wavae nyekundu, wengine wote buluu, ili yeye akisimama mbali amwone mara moja asiyestahili kusogelea moto. Marcel mwenyewe alikuwa na kovu shingoni, refu kama kidole. Hakulisimulia, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Uzi uliletwa kutoka Dar, maboksi matatu, na hakukuwa na mengine. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Ukiugusisha moto, unakuwa mweusi pale pale ulipoguswa. Ukiondoa moto, unazima wenyewe bila kupulizwa. Nassibu aliwachomea wafumaji wote waone, akijisifu kana kwamba ameusokota yeye.

Lakini mwanzoni kuutia rangi kulimshinda. Alinunua rangi ya vitambaa dukani, akatia chumvi na magadi kama wanavyofanya watu wa batiki, akachemsha tangu asubuhi. Alipousuuza, rangi yote iliondoka na maji ikaingia mtaroni, uzi ukabaki mweupe kama jino.

Hapo ndipo Bi Kijakazi, jirani wa ukuta wa pili, alipokuja kuomba unyuzi mmoja. Yeye alikuwa akipika rangi za ukili wa mikeka tangu usichana. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake aliyetokea Ujiji.

"Bibi, huu ni uzi wa tanuri," Nassibu alimcheka, "siyo ukili wa kukalia wageni."

"Kwani tanuri halina wageni? Nipe huo unyuzi, mwanangu. Uzi ukikataa rangi yangu, nitakupikia pilau."

Hakupika pilau. Aliikanda rangi ya mkeka kwa siki mpaka ikawa uji mzito, akaizimua kwa maji ya moto na kuichuja kwa kipande cha kanga. Kisha akauzamisha uzi maji yakiwa bado vuguvugu. Jioni aliuleta umelowa. Aliusuuza mbele ya Nassibu mara tatu, na maji ya mara ya tatu yalikuwa safi ya kunywa. Uzi ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

Nassibu aliutazama, akajikuna kidevu. "Haya, lete masufuria yako. Lakini Marcel atachoma kipande Alhamisi, kabla ya kupokea. Kikishika moto kwa sababu ya rangi zako, kazi imenipotea, na masufuria yatatoka uani siku hiyohiyo."

Salvina, mmoja wa wafumaji wa Nassibu, aliomba kumsaidia bibi. Aliomba kwa sauti ndogo mno, akarudia mara mbili ndipo akasikika. Shule aliiacha darasa la tano, kwao Ushirombo, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu bila kumpigia kelele. Bi Kijakazi hakupiga kelele. Alimwonyesha kufunga uzi vitita vilegevu ili rangi ipite katikati, na kuugeuza bila kuusokota. Moto ulipoondolewa, alimshika mkono usiguse.

"Uache upoe humohumo. Ukiutoa na joto lake ukautupa kwenye maji baridi, utakunjamana kama uso wa mke mwenza. Hautanyooka tena."

Wakakaa kusubiri, wakila karanga. Salvina aliitazama mikono ya bibi, yenye wekundu uliozama kwenye mistari ya viganja, akajiambia kwamba angependa siku moja na yake ifanane hivyo.

Alhamisi Marcel alifika mapema. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu utuchome."

Marcel alicheka kidogo. Nassibu alimpa kipande alichofuma Salvina kwenye mashine jana yake, kipana kama kiganja. Marcel alikishika kwa koleo, akawasha kiberiti cha gesi, akahesabu mpaka kumi na mbili, akaondoa.

Moto haukuzima. Ulibaki pembeni, mdogo, wa manjano, kisha ukaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye koleo. Marcel alikitupa chini akakikanyaga.

Marcel alijishika shingo.

"Cheupe ulichonionyesha hakikuwaka," alimwambia Nassibu.

"Ni rangi," Nassibu alisema, bila kumtazama Bi Kijakazi. "Nilisema mimi. Mambo ya mikeka haya."

Salvina alitazamia bibi atakasirika, au ataapa. Bibi hakufanya lolote kati ya hayo. Aliiendea kamba ya kuanikia kivulini, akavuta unyuzi mwekundu ambao haujafumwa, akarudi nao kwa Marcel. "Uchome na huu, baba."

Uliungua ncha, ukazima.

"Rangi ileile, sufuria lileile," alisema Bi Kijakazi. Aliinama akaokota kile kipande kilichokanyagwa, akakinusa, akafumba macho, akakinusa tena. "Harufu hii siyo ya rangi yangu. Wala siyo ya uzi. Hii ni harufu ya umeme kukatika."

Nassibu hakuelewa. Marcel hakuelewa. Salvina alielewa.

Kila mfumaji wa sweta pale Nyahanga, uzi ukikwama kwenye sindano za mashine, huupitisha juu ya kipande cha mshumaa ili uteleze. Mkono huenda wenyewe. Jana ule uzi ulikuwa mkavu, unakwamakwama, na Salvina aliutelezesha juu ya mshumaa mwanzo hadi mwisho. Aliupaka nta uzi wa watu wa tanuri. Alikuwa amefuma utambi.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini Nassibu alikwishashika mpini wa sufuria kubwa, na Bi Kijakazi alikuwa akimtazama tu, bila kumzuia.

"Ni mshumaa," Salvina alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Rangi haina kosa, bosi. Mimi niliupaka uzi mshumaa."

Nassibu aliachia mpini. Alifungua mdomo ili afoke, kisha sura ikambadilika.

"Nani alimfundisha?" Bi Kijakazi aliuliza kwa upole.

Nassibu alikohoa. "Mimi, bibi."

Marcel alitafuta stuli akaketi. "Fuma kingine sasa hivi. Bila mshumaa. Nasubiri."

Salvina aliingia akakaa kwenye mashine. Uzi ulikwama mstari wa kwanza, ukakwama wa tatu. Basi akafanya kama alivyofundishwa kwenye sufuria: hakulazimisha. Alivuta kidogo, akasimama, akaulegeza kwa vidole, akavuta tena. Mgongo wa gauni ulilowa jasho. Hakuna aliyemharakisha. Kilipofika upana wa kiganja alikikata akakitoa nje.

Marcel alihesabu kumi na mbili, akaondoa. Moto ulikufa. Alichoma upande wa pili akahesabu ishirini, na huko pia ukafa. Alisugua masizi kwa kidole gumba. Pembeni ya doa jeusi nyekundu ilikuwa ileile, haikupauka.

"Bibi," alisema, "humu shingo yangu ningeiingiza."

"Ndimo inamostahili kuingia," alijibu Bi Kijakazi, kisha akaenda kupekua majivu kama mtu aliyeambiwa tu kwamba mchuzi una chumvi ya kutosha.

Nassibu alizungukazunguka uani. "Buluu tunaanza lini, bibi?"

"Kesho asubuhi. Wewe tafuta siki."

"Kiasi gani?"

"Muulize fundi wa rangi."

Nassibu aligeuka huku na huku akimtafuta huyo fundi. Mwishowe macho yake yakatua kwa Salvina.

"Vikombe viwili kwa kila sufuria, bosi. Na mishumaa tuiondoe mezani, mikono isije ikaenda yenyewe."