Nukta ya Mama

Mama hajui rada ni kitu gani. Anachojua ni kwamba mimi hutazama barafu ya ncha ya dunia kwa satelaiti, na kwamba kitindamimba wake ni fundi mitambo katika meli inayopita huko huko. Kila picha mpya ikifika ofisini humpigia simu kumwambia nimemwona. Ninachoona ni nukta inayong'aa, basi, lakini kwa Mama nukta ile ina macho na masikio.

Ofisini tuna kanuni fupi: penye giza ni maji, penye weupe ni barafu. Majira ya baridi kanuni hiyo haina kasoro. Joto likija, barafu huyeyuka juu na kutuamisha maji, na rada huiona nyeusi kama bahari iliyo wazi. Nilimwambia mkuu wetu, tunayemwita Bwana Kanuni, kwamba njia nyeusi iliyoonekana mbele ya meli ya mdogo wangu ni barafu iliyolowa. Akasema meli zinasubiri ramani, hazisubiri hofu za dada wa mtu. Akaichora njia na kuituma. Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini kwa nini afe mwingine?

Meli iliingia. Baridi ikawahi kurudi, na picha iliyofuata ikaja nyeupe pe, nukta yetu imebanwa katikati. Redio yao ikanyamaza. Waokoaji walijaribu, dhoruba ikawarudisha. Bwana Kanuni aliniletea chai mwenyewe. Niliiacha ipoe mbele ya macho yake. Nilimchukia, na bado namchukia.

Niliendelea kumpigia Mama. Aliuliza kama mdogo wangu ametoka barafuni, nami nikajibu bado yumo.

"Basi apumzike," alisema siku moja. "Yule mtoto kazi ilikuwa haimpi usingizi."

Leo asubuhi picha imefika. Nimeitafuta nukta ilipokuwa, kisha pembeni, kisha kote ambako barafu ingeweza kuisukuma. Nimeikuza picha mpaka ikawa chenga tupu. Barafu imejifunga, haina hata kovu. Bwana Kanuni amesimama nyuma yangu.

Simu imelia kabla sijaishika. Ni Mama.

"Umemwona mdogo wako?"

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nimekaa tangu meli iliposimama, mwanangu. Sema."