Daftari la Behewa

Mdomo wangu hauna breki. Nakiri mapema ili mtu asije akadhani najitetea.

Mbwa aliletwa na kaka yangu, Jumapili mchana, amempakata kama mtoto mchanga, huku jasho likimtiririka. Miezi mitatu tu ya umri, na tayari nyayo zake zilikuwa pana kuliko viganja vyangu. Alipomweka chini, kitu cha kwanza alichofanya ni kukojoa katikati ya ukumbi wangu, bila haraka, huku akinitazama usoni.

"Dada, huyu ni wa Baba," kaka akasema.

"Wa Baba kwa jina. Wa kudeki ni nani?"

Kaka akacheka kile kicheko chake cha kukwepa, akaangalia simu.

Lakini nilijua kwa nini kamleta. Baba alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mmoja. Tangu Mama atutoke na yeye kuhamia kwangu, kazi yake ilikuwa moja: kukaa kwenye kiti cha ukumbini na kuitazama saa ya ukutani, kama vile kuna treni imechelewa na hakuna aliyempa taarifa. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, kwa hiyo siku nzima tulikuwa ndani ya nyumba moja. Kwa siku aliongea maneno kumi hivi, na mengi kati ya hayo yalikuwa "asante." Nilikuwa naogopa. Niliogopa nitamkuta siku moja kwenye kiti kile amekwisha kwenda zake.

Mfugaji aliyemtoa yule mbwa, rafiki wa kaka, alitoa sharti. Mbwa wa aina hii wakikomaa wanafika kilo sitini. Asipojifunza adabu ya choo akiwa mdogo, nyumba itageuka ziwa. "Mkae naye mwezi mmoja," alisema. "Akiwashinda, nitamchukua. Kuna familia inamsubiri."

Baba alimzunguka yule mbwa mara mbili, mikono nyuma. "Hili ni behewa zima," akasema. Jina likaganda hapo hapo. Behewa.

Jioni ile alichukua rula akapiga mistari kwenye daftari jipya. Safu nne: Saa, Tukio, Mahali, Mhusika.

"Mhusika wa nini, Baba? Si mbwa ni mmoja?"

"Daftari ni daftari," akanijibu.

Kesho yake kazi ikaanza. Behewa akila, anatolewa nje. Akiamka, nje. Akimaliza kucheza, nje. Na kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna lililotokea, nje, kwenye kona ile ile ya ukuta nyuma ya nyumba, wasubiri mpaka kieleweke. Akikosea ndani, hapigiwi kelele wala hasuguliwi pua kwenye mkojo. Panadekiwa kwa maji na siki ili harufu isimwite tena pale pale.

"Mbwa hafundishwi kwa kelele," Baba alisema. "Anafundishwa kwa ratiba."

Siku ya pili nilikuwa nashona, nikasikia sauti dirishani: "Hongera, bwana! Hongera sana! Safi kabisa!" Nikachungulia. Mzee wangu, mtu mzima na kofia yake, anampongeza mbwa kwa kukojoa. Nusura nijishone kidole. Halafu akacheka mwenyewe, kicheko kizima cha tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tumzike Mama. Nilirudi kwenye cherehani nikalia kidogo, kwa furaha, na nikaharibu mkunjo mzima wa sketi ya watu.

Wiki ya kwanza tulideki mpaka tukachoka. Wiki ya pili madimbwi yakapungua, na siku moja Behewa akaenda mwenyewe kukaa mlangoni akatoa mlio mwembamba. Baba aliandika tukio hilo kwa wino mwekundu. Ukumbini hakukaa tena. Alikuwa mtu wa kutoka na kuingia, kuuliza saa ngapi, kunisimulia habari za majirani ambao mimi nilikuwa nawajua kwa miaka.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika.

Dimbwi la kwanza nililikuta kwenye ujia, hatua mbili kutoka mlango wa choo, na Behewa amekaa pembeni yake ananusa. Nimemkamata! Kesho yake tena, pale pale. Keshokutwa tena.

"Umeanza upya, wewe mshenzi?" Nikavua ndala, nikamchapa nayo mgongoni. Sikumwumiza, lakini aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa akabaki mkia tu. Tangu siku hiyo, nikishika tu fimbo ya deki, yeye huyo mbio chini ya meza.

Baba alitokea chumbani kwake. "Usimpige. Nipe hiyo, nitadeki mimi."

"Baba, unamdekeza."

"Nipe, mama."

Akadeki kwa uangalifu, na siki yake, ameinama muda mrefu. Nikaona amevaa suruali nyingine, si ile ya asubuhi. Sikuwaza. Nilidhani kutoka nje kumemrudishia umaridadi. Nikamtania: "Siku hizi unabadilisha suruali kama bwana harusi!" Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka.

Siku moja nilifungua daftari. Kwenye matukio ya nje, safu ya nne iliandikwa Behewa, Behewa, Behewa, ukurasa mzima. Lakini madimbwi ya ujiani yalikuwa na saa, yana mahali, na safu ya nne ilikuwa tupu.

"Baba, huku umesahau kujaza."

"Nitajaza," akasema, akalichukua daftari akalifunga.

Alhamisi ndiyo siku niliyoropoka. Nilikuwa na sare za wauguzi, nyeupe pe, zimeshakatwa, nimeziweka kwenye mfuko ujiani kwa sababu karakana ilijaa. Nikaenda kuuchukua mfuko. Umelowa. Vipande sita, mikono na kola, vimeingia madoa ya njano, na mwenye mzigo anakuja kesho yake.

Jamani, nilipandwa. Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Basi! Imetosha! Anayekojoa ndani ya nyumba hii aondoke! Sitaki kumwona! Mimi si mtumishi wa kufuta mikojo ya mtu!"

Behewa yuko chini ya meza. Baba kasimama mlangoni mwa chumba chake, mkono kwenye fremu. Na mimi, mbele yake, nikampigia simu mfugaji. Akasema atakuja Jumamosi, saa nne asubuhi.

Siku mbili zile Baba alirudi kwenye kiti chake. Chakula alikigusa tu. Nilijua nimemnyang'anya kitu, roho iliniuma, lakini nilijiambia atazoea. Nikajifanya nina kazi nyingi.

Jumamosi, saa nne kamili, gari la mfugaji likasimama nje. Akashuka na kamba mkononi, mtu mpole, akasalimia.

"Baba!" nikaita. "Mgeni amefika!"

Baba akatoka chumbani. Amevaa koti na kofia. Mkono wa kulia ameshika kamba ya Behewa. Mkono wa kushoto ameshika sanduku lake dogo, lile alilokuja nalo baada ya msiba.

"Unakwenda wapi?"

Akaweka sanduku chini, akatoa daftari kwenye koti, akanipa. Lilikuwa limefunguliwa tayari. Madimbwi saba ya ujiani, na safu ya nne sasa imejazwa yote, kwa ule mwandiko wake wa stesheni ulionyooka:

Mimi. Mimi. Mimi. Mimi. Mimi. Mimi. Mimi.

"Inanibana ghafla," akasema. "Nakimbilia chooni, sifiki." Alikuwa anaongea na sakafu. "Ulisema anayekojoa ndani ya nyumba hii aondoke. Mbwa hana kosa, ameshajifunza, yeye abaki. Nimempigia kaka yako, atanifuata saa nne na nusu."

Nilikuwa naziona zile suruali. Naisikia ile "bwana harusi" yangu. Namwona ameinama na siki, anafuta, na mimi nimesimama juu ya kichwa chake nabwata.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningeanzia wapi?" Halafu, bila kulaumu, kama mtu anayekumbuka tu: "Wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Mama yako na mimi hatukumwambia mtu. Hata kaka yako hajui."

Nilikaa chini pale pale ujiani, kwenye sakafu, nikalia kwa sauti. Mfugaji akageuka kuangalia matairi ya gari lake. Behewa ndiye aliyenijia kwanza. Akanilalia mapajani na kilo zake zote, akanilamba masikio, mimi niliyemchapa ndala kwa kosa lisilo lake.

"Nisamehe," nikasema. Wote wawili walikuwa mbele yangu, na nilikuwa nawaambia wote wawili.

Baba akanyoosha mkono akaniinua. Nikalichukua sanduku nikalirudisha chumbani kwake, nikapanga nguo kabatini moja moja, na suruali nikaziweka karibu, pale mkono unapofika. Mfugaji alikwenda zake bila mbwa. Kaka nilimpigia nikamwambia asije. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari. Akasema ni tezi dume, ina dawa, ila itachukua muda, na kwa sasa mzee asisubiri mpaka abanwe. Aende chooni kila baada ya saa mbili, hata kama hasikii haja. Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa kanuni anazozijua.

Kesho yake, saa nne kasoro dakika tano, nilisimamisha cherehani.

"Baba!" nikaita. "Behewa anataka kutoka!"

Behewa alikuwa chini ya meza ya kukatia, amelala fofofo, ulimi nje, anakoroma. Baba akamtazama mbwa. Akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Kisha akainuka kwenye kiti, akachukua kofia yake.

"Ni kweli," akasema. "Amebanwa huyo."